Saini ya Huruma

Wanafunzi wanaokwenda fildi katika ofisi zinazosimamia watu wanaotumikia adhabu nje ya gereza huonywa mapema juu ya rushwa, na onyo hilo ni la haki. Lakini ipo hatari nyingine isiyokuja na bahasha. Huja na mtu mwenye shida ya kweli, anayesema ukweli mtupu na kuomba jambo dogo. Huwanasa wenye moyo mwema kabla ya wenye tamaa. Hatari hiyo ni uongo ulioandikwa kwa huruma.

Kisa ninachokileta hapa ni cha kutunga. Wahusika wake hawamwakilishi mtu yeyote aliyeko, ndiyo maana sikuwapa majina. Sheria zinazotajwa, mahali penyewe na namna watu wanavyotafuta riziki huko ni vya kweli. Nimekiweka Geita na Shinyanga kwa sababu huko kazi ya uangalizi hukutana na maisha yasiyotulia mahali pamoja.

Ukanda huo unalishwa na ardhi kwa namna mbili. Upo upande wa kampuni: almasi ya Mwadui tangu 1940, mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita tangu 2000, Bulyanhulu tangu 2001. Na upo upande wa wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Mwakitolyo na kambi nyingine zisizoandikwa kwenye ramani, ambako watu hushuka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yaliyoshikiliwa kwa magogo ya matimba na kupandisha mawe ndani ya viroba. Habari ikienea kwamba dhahabu imetoka mahali fulani, rashi, yaani mbio za kukimbilia huko, huanza, na kambi iliyokuwa na mamia ya watu hubaki na mbwa na moshi. Kijana anaweza kuzaliwa Shinyanga, akakamatwa Geita, akawa na mke Katoro, na mwezi ujao akasikika Chunya. Ukimuuliza anakaa wapi, atakujibu kwa uaminifu, na jibu lake litakuwa limeshapitwa na wakati kabla wino haujakauka.

Kijana wa kisa chetu alitoka katika kijiji cha wakulima wa mpunga na pamba wilayani Shinyanga. Baba yake alikuwa amefariki. Mama yake alikuwa na kisukari, na wadogo zake wawili walikuwa bado shuleni. Alikwenda maduarani upande wa Nyarugusu kama walivyokwenda wenzake, akapata kazi ya kuvuta viroba kwa kamba kutoka chini ya shimo. Kazi hiyo haina mshahara. Mfadhili wa duara hutoa chakula na vifaa. Mawe yakipatikana huja siku ya mgao, kila mmoja anapewa viroba vyake, anavipeleka kwenye karasha ya kusagia mawe na mwaloni kwa kuoshea, na hapo ndipo anapoijua pesa yake. Duara linaweza kukaa wiki nyingi bila jiwe la maana. Asiyekuwepo siku ya mgao hana wa kumlalamikia.

Katika kipindi kimoja cha ukavu, simu kutoka nyumbani ikisema dawa za mama zimekwisha, kijana aliingia usiku kwenye rundo la duara la jirani akachukua viroba viwili. Hakufika navyo mbali. Bahati yake ilikuwa kwamba mwenye duara alimpeleka polisi na hakuwaachia watu wamalizane naye pale pale. Mahakamani alikiri kosa. Viroba vilikuwa vimerudi kwa mwenyewe, na kijana hakuwa na rekodi ya kosa lolote la nyuma. Hakimu akaahirisha kutoa adhabu, akaomba taarifa ya uchunguzi wa kijamii.

Taarifa hiyo iliandikwa na afisa probesheni mtu mzima, mwanamke ambaye karani, polisi na washtakiwa wote walimwita Mama. Alikwenda hadi kijijini, akaketi na mama mzazi wa kijana, akamsikiliza mwenyekiti wa kitongoji, kisha akarudi maduarani kumsikiliza mwenye viroba. Mwenye viroba alisema hana haja ya kumwona kijana gerezani. Haja yake ni asiibiwe tena. Hakimu akatoa amri ya huduma kwa jamii, ile ambayo wengi mtaani huiita kifungo cha nje: miezi sita, saa nne kila siku ya kazi, kwenye zahanati, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana.

Kabla ya kuendelea, inafaa msomaji ajue adhabu hiyo imetoka wapi. Sheria ya probesheni ya Tanzania ilitungwa wakati wa ukoloni, mwaka 1947. Inaiwezesha mahakama kumwacha mkosaji abaki nyumbani chini ya uangalizi wa afisa, kwa masharti. Sheria ya Bodi za Parole ilifuata mwaka 1994. Hiyo huweza kumtoa amalizie kifungo nje mtu aliyekwisha kuingia gerezani kwa kifungo cha miaka minne au zaidi, akatumikia theluthi yake kwa mwenendo mwema, na kosa lake likawa si miongoni mwa yaliyozuiwa, kama unyang'anyi wa kutumia silaha, biashara ya dawa za kulevya au ubakaji. Augustine Mrema, aliyeteuliwa mwaka 2016 kuwa mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Parole, aliizungumzia hadharani. Huduma kwa jamii ndiyo changa kati ya hizo tatu. Zimbabwe ilikuwa imeanza mwaka 1992. Mwaka 1997 nchi nyingi zilikutana Kadoma, huko huko Zimbabwe, zikakubaliana kuieneza. Kenya ikatunga sheria yake 1998, Uganda 2000, Tanzania 2002. Kwetu hutumika pale ambapo kifungo kinachostahili hakizidi miaka mitatu. Mkosaji hufanya kazi ya umma bila malipo, hulala kwake, na watoto wake hawakosi mzazi.

Njia zote tatu zinasimama juu ya kitu kimoja. Hakimu hawezi kwenda zahanati kuona nani amefagia. Bodi ya Parole haiwezi kulala kijijini kuona mfungwa aliyetoka anarudi saa ngapi. Wanategemea macho ya mtu mwingine na maandishi ya mtu huyo. Gereza lina ukuta na mlinzi mwenye funguo. Mtu aliye nje amezungukwa na karatasi tu, na uimara wa karatasi hiyo ni ukweli wake.

Mama alilijua hilo. Siku mwanafunzi wa mwaka wa tatu alipopewa kazi ya kufuatilia vituo vitatu, kimojawapo kile cha zahanati, alimkabidhi daftari la mahudhurio akamwambia, "Binti yangu, hili daftari ni la mahakama. Likiwa mkononi mwako, hesabu kwamba hakimu amelishika."

Binti aliitikia, na alimaanisha. Alikuwa mchapakazi, mwenye adabu kwa wazee, mwepesi kujifunza salamu za Kisukuma. Wahalifu aliokabidhiwa walimpenda kwa sababu aliwauliza habari za nyumbani kabla ya kuwauliza kwa nini wamechelewa. Pale zahanati, aliyetakiwa kutia saini kila siku alikuwa mganga mfawidhi. Lakini mganga alikuwa na foleni ya wagonjwa hadi nje, na baada ya wiki ya kwanza alimwambia binti, "Wewe si ndiye wa probesheni? Mtilie saini mwenyewe, mimi nina watu hapa." Ikawa hivyo. Kwa njia hiyo aliyepaswa kukagua saini akawa ndiye anayezitia, na jicho la pili likaondoka bila mtu kuona kwamba limeondoka.

Jumatatu moja kijana alimaliza kazi, akanawa mikono, akasimama pembeni akimsubiri.

"Dada, kesho ni mgao."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi hadi mchana, wakishaanza kupima hawangoji mtu. Nimevuta viroba wiki sita. Nisipoonekana, sina changu."

Hakudanganya hata neno moja. Binti alikuwa ameona ujumbe wa mdogo wake kwenye simu: dawa za mama zimebaki za siku mbili. Alipiga hesabu moyoni. Siku moja ya kutofagia zahanati haimuumizi mtu. Mgao uliopotea unamuumiza mgonjwa. Jumanne ile kijana alikwenda kwenye mgao, na daftari likaandika kwamba alikuwa zahanati.

Huo ulikuwa mlango. Wiki iliyofuata palikuwa na zamu ya karasha. Baadaye palikuwa na safari ya kupeleka pesa nyumbani. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na kila sababu ilizaa saini ya uongo. Binti hakuomba kitu, na kijana hakutoa kitu. Mara moja tu alirudi kutoka kwao na mfuko wa michembe, viazi vitamu vikavu, aliotumwa na mama yake, na binti akaugawa kwa wauguzi. Angeulizwa siku hiyo kama ametenda uovu, angeapa kwamba amesaidia. Siku nyingi zaidi kijana alifika, na alifanya kazi kwa nguvu: fensi ya zahanati aliitengeneza yeye, na shimo la kutupia kondo la nyuma alilichimba peke yake hadi likazidi kimo chake.

Siku ya Alhamisi, mchana, dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki na kusubiri kuchomwa iliibwa kwenye mwalo mmoja karibu na kambi. Mwenye mwalo hakuona mwizi, ila alikumbuka jina. Katika kambi, aliyewahi kuiba ndiye wa kwanza kutajwa. Polisi walimkuta kijana jioni akiwa anakula. Akawaambia, "Saa hiyo nilikuwa zahanati, nachimba shimo. Kaangalieni daftari."

Alikuwa zahanati kweli. Alikuwa ndani ya shimo la kondo, na daftari lilisema hivyo, na saini ya Alhamisi ilikuwa ya kweli tupu.

Mpelelezi alilichukua daftari akafanya kazi yake inavyotakiwa. Hakuishia Alhamisi, alifungua kurasa za nyuma, akaenda kambini kuuliza. Hapo daftari likaanza kuanguka. Jumanne ile, ambayo daftari lilimweka kijana zahanati, watu zaidi ya ishirini walikuwa naye kwenye mgao na waliona akibeba viroba vyake. Siku ya karasha, mwenye karasha alikuwa amemwandika. Alipomaliza kuuliza, mpelelezi alikuwa na orodha ya saini ambazo kambi nzima ilijua ni za uongo. Saini ya Alhamisi ilikuwa kwenye ukurasa ule ule, kwa kalamu ile ile, kwa mkono ule ule.

Mganga mfawidhi aliitwa. Alisema kwa masikitiko kwamba anamfahamu kijana, kwamba shimo lile amelichimba yeye, kwamba amemwona siku nyingi. "Lakini kuapa kwamba ilikuwa Alhamisi hiyo na si Jumatano, siwezi." Alikuwa mkweli naye. Angekuwa akitia saini kila siku kama ilivyopangwa, angeweza.

Binti alisimama mahakamani akasema yote. Alikubali kwamba saini ya Jumanne ni yake na kijana hakuwepo. Akasema saini ya Alhamisi ni yake pia, na kijana alikuwepo. Alimwona kwa macho yake ndani ya shimo. Hakimu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza swali ambalo halikuwa na hasira ndani yake: "Mahakama itajuaje ni wapi ulipoandika kweli?"

Amri ya huduma kwa jamii ilifutwa kwa kuvunja masharti, na kijana akapelekwa gerezani kutumikia adhabu aliyokuwa ameepushwa nayo. Alipokuwa akisoma uamuzi, hakimu alisema neno ambalo Mama hakulisahau. Alisema kwamba sheria inaruhusu amri kuombewa mabadiliko. Kwamba angepelekewa ombi la kusogeza saa za kijana au kumhesabia siku za mgao mwishoni, angelisikiliza, kwa kuwa mahakama haikutaka mama mgonjwa akose dawa. Jambo lililoibwa kwa uongo lilikuwa likipatikana kwa kuomba.

Baada ya miezi miwili dhahabu ya mwaloni ilifuatiliwa hadi kwa mtu mwingine, na shtaka la pili likaondolewa. Hilo halikumtoa kijana, kwani alikuwa ndani kwa lile la kwanza. Kule nyumbani mdogo wake mkubwa aliacha shule akaenda kuvuta viroba. Chuo kilifuta mafunzo ya binti.

Hasara haikuishia kwa wawili hao. Wiki chache baadaye, katika mahakama hiyo hiyo, aliletwa mwanamke aliyekutwa na gongo, mama wa watoto wanne, kosa la kwanza. Mama afisa alifanya uchunguzi kama kawaida yake, akapendekeza kifungo cha nje. Hakimu aliisoma taarifa, akaiweka pembeni, akampeleka gerezani. Mwanamke yule na binti wa fildi hawakuwahi kuonana. Hakujua kwamba nafasi yake ya kulala na wanawe ilikuwa imetumiwa na mtu mwingine, kwa saini moja moja, kwenye daftari la zahanati.

Kisa kimekwisha, na sasa niseme ninachotaka mwanafunzi akibebe.

La kwanza: rekodi ya kweli ni mali ya anayeangaliwa. Tumezoea kuiona kama mzigo wa ofisi au mtego wa kumnasa mkosaji. Lakini mtu aliyewahi kuhukumiwa hana shahidi rahisi. Jirani anamshuku, polisi wanamjua, na jina lake ndilo linalotajwa kwanza kitu kikipotea. Siku hiyo kitu kinachoweza kumwokoa ni maandishi ya mtu asiye ndugu yake, yaliyoandikwa kabla ya tuhuma kuzuka. Ukiyatia uongo ili kumpunguzia saa nne za leo, umemnyang'anya ngao ya kesho. Saini ya uongo huua ya kweli iliyo jirani yake.

Kazi hii ilianza hivyo tangu mwanzo wake. Mwaka 1841, huko Boston, Marekani, fundi viatu aitwaye John Augustus alisimama mahakamani akamdhamini mlevi aliyekuwa anakwenda jela. Akamchukua, akamsaidia, akamrudisha mbele ya hakimu akiwa mtu mwingine. Aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1859, akiwa amewadhamini watu karibu 2,000, na wengi humtaja kuwa baba wa probesheni. Huruma yake inasifiwa sana. Kinachosahaulika ni kwamba aliahidi mahakama jambo jingine pamoja na huruma: kwamba angefuatilia mwenendo wa kila aliyemdhamini na kutoa taarifa isiyo na upendeleo kila atakapotakiwa. Mahakimu walimwachia watu kwa sababu walikuwa wanaliamini neno lake. Angeanza kuwaficha wale alioshindwa nao, asingepewa wengine.

La pili: uijue riziki ya mtu kabla hujampangia saa. Katika kisa hiki Mama alifanya uchunguzi mzuri, lakini hakuna aliyemuuliza kijana anakula vipi na analipwa lini. Mtu wa mshahara akikosa nusu siku hukatwa nusu siku. Mtu wa mgao akikosa nusu siku anaweza kupoteza wiki sita. Amri ya kuanzia saa nne hadi saa nane mchana, ambayo mjini ingekuwa nyepesi, duarani iligeuka adhabu ya pili ambayo hakimu hakuikusudia. Afisa wa ukanda wa dhahabu lazima ajue duara la mtu ni lipi, mfadhili wake ni nani, mgao huja kwa mpango gani, na rashi ikitokea mtu huyo ataelekea wapi. Ajue pia nyumba mbili: ile ya kijijini alikozaliwa na ile ya maturubai anakolala. Taarifa iliyoandikwa kwa nyumba moja tu imemwona mtu nusu.

La tatu: huruma ina njia yake halali, na njia hiyo hupita kwenye kalamu. Mwanafunzi akisikia shida ya kweli ana mambo manne ya kufanya. Aiandike kama alivyoisikia. Aithibitishe kwa mtu mwingine, kama mfadhili wa duara au mwenyekiti wa kitongoji. Aipeleke kwa msimamizi wake siku hiyo hiyo. Na siku mtu asipofika, aandike kwamba hakufika, pamoja na sababu yake. "Hakufika, alikuwa kwenye mgao, dawa za mama yake zimekwisha, nimethibitisha kwa mwenye duara, naomba siku hii ifidiwe." Maneno hayo machache yangempa kijana kila alichohitaji, na yangemwacha na daftari safi siku ya Alhamisi. Hakimu anayesoma udhaifu ulioandikwa wazi huamini na mema yaliyoandikwa karibu yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Anayeficha mapungufu ya mtu anayemwangalia humfikisha hapo hapo.

La nne ni kwa wasimamizi. Mwanafunzi wa fildi ni mwanafunzi. Hatakiwi kuachiwa daftari la mahakama peke yake, hata kama maafisa ni wachache na vituo viko mbali kwa bodaboda. Anayetia saini asiwe ndiye anayekagua. Mganga mfawidhi, mwalimu mkuu au mtendaji wa kijiji anayepokea watu wa kifungo cha nje aelezwe kwamba saini yake si hisani kwa ofisi ya probesheni. Ni ushahidi ambao siku moja ataulizwa. Mama alisema neno zito kuhusu daftari. Lakini neno zito halitoshi. Lilihitaji kurudi kila wiki, kufungua kurasa, kuuliza maswali, na kumpa binti nafasi ya kusema, "Mama, huyu kijana ana shida, nifanyeje?" Binti hakukosa roho ya kuuliza, alikosa saa iliyotengwa ya kuulizia.

La tano ni kuhusu jamii. Watu wa Usukuma na Unyamwezi wanajua kuangaliana. Sungusungu walizaliwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na watu wakaona kwamba polisi na mahakama haviwalindi, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Asili yao inatufundisha jambo la kuogopa. Watu wakiacha kuiamini karatasi ya serikali, hawakai bila haki. Huitafuta kwa mikono yao, na mikono hiyo mara nyingine huangukia asiye na hatia. Mara ya kwanza kijana wetu alifikishwa polisi badala ya kupigwa kwa sababu mwenye viroba aliamini kwamba mahakama itafanya jambo. Kambi nzima ilijua saini zile ni za uongo muda mrefu kabla ya mpelelezi. Mwenye viroba naye alijua. Akiibiwa tena, tutamwambia nini asichukue fimbo?

Zawadi nayo, kama ule mfuko wa michembe, ina mahali pake. Mama wa Kisukuma akikuwekea chakula mbele yako, ukikataa umemtusi, na hatakueleza tena habari za mwanawe. Kula naye mezani pake. Usiondoke na mfuko. Na ulichokula kiandikwe kwenye taarifa ya ziara, ili siku wakisema umelishwa, ofisi iwe imeshajua kwa kinywa chako.

Magereza ya Tanzania Bara kwa miaka mingi yalibeba watu zaidi ya uwezo wake. Kila mtu anayetumikia adhabu yake kwa kufagia zahanati, kupanda miti ya shule au kuchimba shimo la kondo ni nafasi moja iliyoachwa wazi, ni shamba moja linalolimwa, ni mtoto mmoja anayebaki darasani. Njia hii ni nzuri na nchi inaihitaji. Lakini inaishi kwa imani ya hakimu, na imani ya hakimu inaishi kwa mwandiko wa watu wadogo, mara nyingi vijana wa fildi wenye kalamu moja na daftari la kurasa mia.

Wewe unayekwenda fildi mwaka huu, iwe Geita, Kahama, Shinyanga au kwingineko, wahurumie watu utakaokabidhiwa. Ukikosa huruma, kazi hii haikufai. Wasikilize, wafuate hadi duarani na kijijini, waombee kwa hakimu bila kuchoka. Kisha andika ulichokiona, na usitie saini siku usiyoiona.